Siku chensoo ilipokula kitenge changu

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo si ule wa injini. Ni mlio wa kitambaa kikiliwa: trrrap, kama mtu anachana shuka jipya kwa meno, halafu ngurumo ya chensoo ikabadilika ikawa nzito, kama mnyama aliyepaliwa. Kitambaa kilikuwa kitenge changu. Paja lililokuwa nyuma ya kitenge lilikuwa langu pia. Na watu waliokuwa wanatazama, jamani, ni nusu ya Kasingirima, mtaa wetu wa kando ya ziwa, pamoja na wageni waliotoka kwenye maboti, kwa hiyo msinishangae kama aibu hii nimeizungusha mdomoni muda wote huu kama mwiba wa samaki mgebuka, siwezi kuutema wala kuumeza. Leo nautema.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani na ndoto nyingi kuliko sahani (wiki hii nitakuwa nahodha wa meli, wiki ijayo fundi cherehani wa Dodoma, na Dodoma kwenyewe sikujua ni upande gani). Lakini ndoto iliyodumu ilikuwa ya chensoo. Mjomba Ruhaga, kaka yake mama, alikuwa na chensoo, ule msumeno wa injini wenye mnyororo wa meno, na ndiyo iliyokuwa inatulisha. Alipasua magogo ya watu, alikata kuni za wanaochemsha mawese, na mimi nilimfuata nikibeba dumu la petroli na kupanga kuni, mpaka siku moja akanipa niishike. Mnisadiki, nilivyoishika mara ya kwanza nilijiona nimeshika mkia wa simba na simba mwenyewe ananiheshimu.

Mjomba hakuwa mtu wa maneno, ila kwa habari ya chensoo alisema mpaka akachosha. Miguu iachane, mmoja mbele mmoja nyuma. Mikono miwili, wakati wote. Usikate kwa ncha, itakurukia usoni. Usigeuke nayo ikiwa inazunguka, sukuma kwanza ile breki ya mbele mnyororo usimame, ndipo ugeuke. Mtu yeyote asisogee karibu. Vaa suruali na buti, na nguo inayopepea usiwe nayo, maana nguo inayopepea ni chakula cha mnyororo. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi, kwa sababu wanaume hawapepei.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo halikuwa kwenye sheria zake za zamani, lilizaliwa miaka hiyo hiyo. Kabla ya kuwasha, mjomba alikuwa anazunguka kwanza. Anawaendea wageni, ndivyo tulivyowaita wakimbizi, walipokaa, anavua kofia, anawaambia taratibu, wakubwa kwa watoto: nawasha mashine, ni ya kuni, si bunduki, mtasikia kelele, msiogope. Anasubiri mpaka wenye kuelewa Kiswahili wamewaambia wasioelewa. Ndipo anarudi kwenye gogo na kuvuta kamba. Hata mtaa wa Rusimbi, ambako wageni walipangishwa vyumba vya uani, alikuwa anabisha hodi mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa naona anapoteza muda.

Sasa siku yenyewe. Boti zilikuwa zimeshusha watu tangu alfajiri, Warundi wengi, na baadhi ya watu wa Kongo, wakawekwa uwanja wa shule wakisubiri kupelekwa kambini. Wanawake wa mtaa wakatoa masufuria makubwa ya shughuli ili wapike uji. Unga ulipatikana, maji yakapatikana, kuni hakuna. Pembeni ya uwanja ulikuwepo mti wa mjohoro uliolazwa na upepo siku nyingi, mkavu safi, na mjomba akaitwa, akaja na chensoo, na mimi nyuma yake na dumu langu. Akazunguka, akatangaza, akakata kama nusu ya matawi, moto ukawashwa. Halafu ikaja habari kwamba boti nyingine imefika na ina wazee wasioweza kutembea, wanatafutwa wanaume wa kubeba. Mjomba akazima mashine, akaifunga breki, akaniambia nimalizie yale matawi membamba, shina nimwachie yeye. Akaenda.

Mnaelewa lakini? Aliniachia. Mbele ya watu wote. Nilisimama pale nikijihisi nimekua kimo kwa ghafla.

Nilikuwa nimevaa suruali ya mjomba, ile ya kazi, iliyonipwaya hata wawili tungeenea, kwa hiyo nimeifunga kiunoni na kamba ya nailoni. Chini yake bukta ya kaka yangu. Nikashika mashine. Ndipo nikasikia sauti ya Bi Tatu.

Bi Tatu ndiye aliyekuwa mkuu wa masufuria, jirani yetu, mama wa watu, ulimi wake ukikugusa unatafuta dawa. Akanitazama kuanzia buti mpaka kiunoni, akageuka akawatazama wazee wa msikiti waliokaa kwenye mabenchi ya shule, halafu akanirudia.

"We Zaituni. Ndiyo unasimama mbele ya wazee umejigawa miguu hivyo, kama kuli wa bandarini?"

Nikamwambia, bibi, shikamoo, hii ni nguo ya kazi. Akasema marahaba, kazi haikatazi mtu kujifunga nguo, hata yeye anapika na amejifunga, na moto haujamla. Wanawake wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya, lakini uso wangu uliwaka. Mama alikuwa kwenye kundi lile, akanipa macho yale ya mama, yale yanayosema usiniaibishe.

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo mno. Nilijisemea, nitafunga kitenge juu ya suruali, nitakikaza sana, matawi yenyewe membamba, dakika mbili nimemaliza, Bi Tatu amenyamaza, mama ameridhika, wazee wameona binti mwenye adabu. Nikachukua kitenge changu kipya cha majani ya bluu, nilichokuja nacho begani, nikajifunga, nikakaza fundo. Nikajitazama, nikaona nimependeza. (Fikiria ujinga. Mtu anajipamba kwenda kushika meno ya chuma.)

Na akili yangu yote ikiwa kwenye lile fundo, nikasahau kuzunguka.

Nikavuta kamba mara moja, ikakohoa. Nikavuta tena, ikawaka, nikaifungua breki, na mimi kwa furaha nikaipa mafuta, ikapiga kelele mpaka kwenye mabati ya shule.

Sijui nianzie wapi kueleza. Uwanja mzima uliinama. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile wakishuka chini kwa pamoja, kama mtama uliopigwa na mvua. Wengine hawakulala, walikimbia, na hawakukimbia ovyo, walikimbia kama watu wanaojua namna ya kukimbia, mtoto kwapani, kichwa chini, kuelekea ziwani walikotoka. Sufuria moja likapigwa teke, uji ukamwagika kwenye moto, mvuke ukapanda. Bi Tatu amebaki na mwiko juu. Na hakuna mgeni hata mmoja aliyelia kwa sauti, hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko vyote, walikimbia kimya, hata watoto.

Nikaelewa nilichokifanya. Nikageuka niwapigie kelele kwamba ni kuni, ni kuni jamani, si bunduki, na nikageuka na mashine ikiwa mkononi inazunguka, breki sikuigusa, kidole kimekaza eksileta, na upepo wa ziwa wa mchana ukakiinua kitenge changu ukakipepea mbele kama bendera.

Trrrap.

Ilinivuta. Sikuwahi kujua kitambaa kinaweza kumvuta mtu kwa nguvu ile. Kitenge kilimezwa kutoka chini kwenda juu, kikajizungusha kwenye mnyororo, kikaibana mashine yote ikanijia mwilini, ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo ukalala bapa juu ya paja langu la kulia, na hapo mnyororo ukakwama kwa kujaa nyuzi. Injini haikuzimika. Ilibaki inanguruma imekabwa, inatetemeka, inatoa moshi wa mpira unaoungua, na mimi nahisi joto la chuma likipita kwenye suruali, na nahisi kitu kingine, kama mwiba mdogo, kimegusa ngozi na kutulia.

Nikafikiri hivi: nikitikisika, nyuzi zitakatika, mnyororo utazunguka, na mguu umekwenda. Kwa hiyo sikutikisika. Sikupumua hata. Nilishika mashine kwa mikono miwili, sheria hiyo moja niliikumbuka vizuri sana, na kadiri nilivyoogopa ndivyo kidole changu kilivyozidi kukaza eksileta, na kadiri kilivyokaza ndivyo mashine ilivyozidi kuvuta, na nilikuwa naona kabisa nyuzi za bluu zikikatika moja moja pembeni ya mnyororo. Swichi ya kuzimia ilikuwa pale pale, chini ya kidole gumba. Si mbali. Kama ukucha wako ulivyo na kidole chako. Lakini wallahi nilikuwa sina kidole gumba saa ile, nilikuwa sina jina, nilikuwa paja tu.

Nikaita. Nadhani niliita mama, maana baadaye mama alisema alinisikia, akataka kuja, wanawake wakamshika, na walikuwa na haki, kwa sababu yeyote angekuja mbio na kunivuta angenikata mwenyewe. Mzee mmoja wa benchi alikuwa anasoma dua kwa sauti, na dua ile badala ya kunituliza ilinimaliza, nikajua tayari nasomewa.

Ndipo nikamwona mwanamke anatambaa.

Alikuwa mgeni, Mrundi, mtu mzima wa umri wa mama, niligawa naye maji asubuhi ile na jina lake alisema ni Esperansi. Alikuwa amelala chini kama wenzake na mjukuu wake chini ya kifua. Sasa alikuwa amemwachia mwingine yule mtoto, na anakuja kwangu kwa tumbo, viwiko vinachimba vumbi, macho hayaniachi. Safari hii hakuna aliyemwambia kwamba si bunduki. Kwake ilikuwa bunduki, na alikuwa anaijia. Nilipoliona hilo machozi yalinitoka, kidole kikazidi kukaza, na uzi mwingine ukakatika.

Akafika. Akapiga magoti mbele yangu, akaitazama ile mashine, akaitazama nguo, akautazama mkono wangu. Hakujua chensoo, aliniambia mwenyewe baadaye, hakuwahi kuigusa. Alichokiona ni kidole kimoja kilichokaza mpaka kimekuwa cheupe. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mpore, mukobwa wanje. Hiki kidole. Kiachie hiki tu."

Yaani pole, binti yangu, kwa Kirundi chao. Alisema kwa upole, sauti ya kubembeleza mtoto, katikati ya ngurumo ile. Akaanza kukinyanyua kidole changu, taratibu, kama unavyomtoa mtoto mchanga aliyeng'ang'ania nywele. Kidole kikatoka. Ngurumo ikashuka, ikabaki inaguguma. Mnyororo ukalegea. Sikukatika.

"Sasa zimya," akasema, na kwao zimya ni kuzima tu kama kwetu, na kile kidole gumba changu kilichokuwa kimepotea kikarudi nyumbani chenyewe, kikabonyeza swichi.

Kimya kikaanguka juu ya uwanja. Nikasikia uji unachemka.

Sasa mngedhani aibu imekwisha. Haikuwa imeanza.

Mashine ilikuwa imezimwa lakini bado imefungwa na mimi, kitenge kimetuzunguka wote wawili kama maharusi. Bi Tatu akaja mbio na kisu cha kuparia samaki, analia, anaomba msamaha, anamwita Mungu na kunitukana mimi kwa zamu, akaingiza kisu kwenye fundo la kitenge na kukata kwa nguvu zake zote. Kitenge kikaachia. Mashine ikaachia, Esperansi akaipokea na kuiweka chini mbali kama anaweka nyoka. Ila kisu cha Bi Tatu, kwa kuwa kilinolewa asubuhi ile na kwa kuwa Bi Tatu hafanyi jambo nusu, kilikuwa kimekata na kamba ya nailoni.

Suruali ya mjomba ikashuka mpaka kwenye buti.

Mbele ya wazee wa msikiti. Mbele ya mama. Mbele ya wageni waliokuwa wanaanza kuinua vichwa kutazama kama wako hai. Nikabaki na bukta ya kaka, ambayo nyuma alikuwa ameitia kiraka cha mfuko wa unga wa msaada, na kiraka hicho (mimi sikukijua, nani anajitazama nyuma?) kilikuwa na maandishi makubwa mekundu: HAIUZWI.

Nilitaka kukimbia, lakini mtu hakimbii suruali ikiwa kwenye vifundo vya miguu, nikaanguka kifudifudi, maandishi yakaangalia juu, hata wale wa nyuma wakasoma. Wazee wakageuza nyuso ukutani kwa pamoja. Mabega yao yalikuwa yanacheza. Bi Tatu akakaa chini pale pale, kisu mkononi, akacheka na kulia mpaka hakuweza kuinuka, halafu akavua khanga yake ya juu, akanifunika nayo, akanifunga mwenyewe kama mtoto wa kwenda madrasa, bila kusema neno. Kwa Bi Tatu kutosema neno ni jambo la kuandikwa.

Mimi nilikwenda kwa wageni. Nilikwenda mkeka kwa mkeka nimejifunga khanga ya watu, pua inavuja, nikasema nisameheni, ilikuwa kuni, nilisahau kuwaambia. Wengine walinishika mkono. Kuna mwanaume mmoja hakunitazama, aliendelea kukusanya vitu vyake vilivyotawanyika, na mimi sikumdai. Waliokimbilia ziwani iliwachukua muda kurudi. Uji ulipikwa upya kwa kuni zilizopasuliwa kwa shoka.

Mjomba aliporudi alikuwa ameshaambiwa njiani. Nilisubiri anipige au anifukuze. Hakufanya lolote. Aliokota chensoo, akautazama mnyororo uliovimbiwa nyuzi za bluu, akautazama mguu wangu, akakaa kwenye gogo.

"Gumba lilikuwa wapi?" akauliza.

Nikasema sijui, mjomba.

"Na kitenge?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliona aibu mbele ya watu. Akasema aibu ya suruali inaisha jua likizama, na mguu haurudi. Akaichomoa plagi ya kuwashia, akaniwekea mashine iliyokufa mikononi, akanifanya nibonyeze swichi ile kwa gumba, na nisukume breki, tena na tena bila hesabu, mpaka mkono ukajifunza bila mimi. Wageni wakitazama. Esperansi akitazama pia, kwa mbali, mjukuu mapajani.

Vijana wa mtaa walinipa jina, na mnalijua, nilipita mpaka sokoni wananiita Haiuzwi, na mchumba wa kwanza kuja kwetu alipigiwa kelele barabara nzima kwamba amepoteza nauli. Nimezoea. Ila tangu siku ile sijashika chensoo na nguo ya kupepea mwilini, awe amekaa sheikh, awe amekaa padri, awe amekaa mkwe. Sigeuki kabla ya breki. Na siwashi kabla sijazunguka, hata leo ambapo hakuna mgeni wa kuogopa. Nabisha hodi, nasema nawasha, watu wananicheka, nacheka nao, nawasha.

Jioni ile kila aliyeniuliza nilimwambia sijaumia, hata kidogo. Watu walipokuwa wanakula nilikwenda nyuma ya choo cha shule, peke yangu, nikakunjua khanga ya Bi Tatu. Kulikuwa na mstari mmoja mwekundu kwenye paja, mwembamba, kama umechorwa na ncha ya sindano, na tone moja la damu lililokwishakauka. Nikaweka kiganja juu yake. Nikakaa hivyo hivyo, nimeegemea ukuta, mpaka jua likazama.